Re: Makaburi ya tauni Eyam yako wapi?

Salaam ndugu. Umezunguka uwanja wote wa kanisa la St Lawrence pale Eyam, kijiji cha Derbyshire, Uingereza, ukitafuta makaburi ya tauni ya 1665–66, ukaambulia moja tu. Macho yako hayana kosa. Kijiji kilipojifungia Juni 1666 ili ugonjwa usienee nje, kasisi William Mompesson na mwenzake Thomas Stanley walikubaliana na watu kwamba kila familia izike maiti wake yenyewe, bustanini au shambani. Hilo uliloliona ni la Catherine, mke wa Mompesson, aliyefariki Agosti mwaka huo. Msalaba wa mawe ulio karibu ni wa Wasaksoni, watu wa kale wa Uingereza, wa karne ya 8, hauhusiani na tauni.

Kwa hiyo toka kanisani, elekea mashariki hadi Riley Graves: ukuta mfupi wa mawe uliozunguka makaburi katikati ya malisho. Huko Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita ndani ya siku 8, peke yake. Ukiweza kwenda mahali pamoja tu, nenda hapo.

Kuhusu sarafu ambazo wanakijiji waliwaachia watu wa nje kulipia chakula walicholetewa, watu huchanganya sehemu mbili zilizotumika. Jiwe la mpaka liko kwenye njia ya miguu iendayo Stoney Middleton. Litambue kwa matundu yake, ambamo sarafu ziliwekwa ndani ya siki, iliyodhaniwa kuondoa ugonjwa. Kisima cha Mompesson kiko upande mwingine kabisa, kaskazini, ukipanda mlima. Viatu viwe vya kukanyaga matope.