Re: Nitajuaje kama 504 ya marehemu baba ilinunuliwa duka lile la zamani?

Habari ndugu, na pole kwa msiba. Nimekuelewa hivi: una Peugeot 504 ya mzee, duka la magari la familia moja mnakoamini iliuzwa lilishafungwa, na kadi ya gari haionyeshi muuzaji.

Kwanza fungua buti. Wauzaji wengi wa zamani walipachika kibati chenye jina lao na mji, na kama kiling'olewa, matundu mawili ya ribiti huwa yamebaki chini ya rangi. Pitisha kidole taratibu. Kisha angalia pembe za kioo cha nyuma kama kuna stika ya muuzaji, na kitabu cha sevisi, ukurasa wa mhuri wa kwanza. Mhuri huo ndio ninaouamini kuliko vyote.

Kumbukumbu ya mauzo ya gari la mjomba tuliipata kwa njia nyingine: watoto wa mwenye duka. Maduka yale baba alikaa na wateja, mama akashika fedha, kijana akawa upande wa spea, na daftari la mauzo lilirudi nyumbani jioni. Tuliletewa daftari la jalada gumu, namba ya chesisi imeandikwa kwa kalamu ya risasi, pembeni salio la mjomba likikatwa mwezi kwa mwezi. Aliaminiwa kwa jina lake tu! Kwa hiyo nenda na namba ya chesisi iliyonakiliwa chini ya boneti. Jina pekee halitoshi.

Usihangaike kuandikia kiwanda cha Peugeot kule Sochaux, Ufaransa, kwa hili. Wao watakueleza gari lilivyotengenezwa, si nani aliliuza, na tena baadhi ya 504 ziliunganishwa Mombasa. Tafuta pia fundi mzee aliyefanya kazi kwenye duka lile.