Babu alikuwa Myahudi wa Mbale, mimi nimelelewa kanisani: nianzie wapi?

Dada, umeuliza kama mtu ambaye babu mzaa baba alikuwa mmoja wa Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda wa huko Mbale, kisha familia ikaingia kanisani enzi za Idi Amin, anaweza kurudi, na kama aanze kwa kupima DNA. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo.

DNA achana nayo. Abayudaya hawakuanza kwa damu. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda, aliisoma Biblia mwenyewe, akiwa ameshakosana na Waingereza, akatahiriwa mwaka 1919 pamoja na wanawe. Kipimo kitakuta nini hapo? Amin alipoipiga marufuku dini, wengi walibatizwa au kusilimu. Alipoangushwa 1979 walikuwa wamebaki mia chache. Babu yangu hakuwa kati yao. Ila nyumbani kwake Jumamosi, siku ya Sabato, tulikula viporo, jiko halikuwashwa, na kuuliza sababu ilikuwa kutafuta ugomvi.

Kwa sheria ya Kiyahudi, Uyahudi hupita kwa mama, kwa hiyo itabidi uongoke rasmi: marabi watatu, halafu kuzamishwa majini. Usione haya, mamia ya Abayudaya wa Nabugoye, kilima cha karibu na Mbale, walifanya hivyo 2002 na wengine walikuwa wameushika Uyahudi tangu kuzaliwa. Mambo ya Israeli kuwatambua au kutowatambua yana mivutano yake. Yaweke pembeni kwanza.

Anza kusoma. Tovuti ya Sefaria ni bure, na Talmudi, mkusanyo wa kale wa mijadala ya marabi, imo pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Utasikia watu wakisifia Daf Yomi, yaani kusoma Talmudi jani moja kwa siku, majani 2,711, miaka saba na nusu. Kwa anayeanza, naona ni mbio tu. Tafuta mwenzako mmoja, mpigiane simu kila wiki, mchukue sehemu ya Torati ya juma hilo na mbishane aya kwa aya. Mwenzangu mimi yuko Kampala, hakubaliani nami karibu kwa lolote, na ndiyo maana nasoma.

Halafu nenda Mbale, ikiwezekana kabla ya Pasaka ya Kiyahudi, wakati wa kuoka matza, mkate usiotiwa chachu. Tangu maji yaguse unga hadi mkate utoke motoni ni dakika 18, zikipita huo si matza tena. Mmoja anakanda, mwingine anasukuma, mwingine anatoboa kwa uma usifure, na mwenye saa anafokea wote, wazee kwa vijana.

Siku hizohizo utaona jambo la kuchanganya. Sala ya kuomba mvua inakoma Pasaka, kwa sababu Israeli kiangazi kinaingia, wakati Mbale masika ndiyo kwanza yanaanza na watu wako shambani. Swali hilo ni la zamani. Watu wa Ninawi walimpelekea Rabi Yuda Mkuu, mwalimu mkubwa wa kale: sisi tunahitaji mvua hata mwezi wa Tamuzi, katikati ya kiangazi, tufanyeje? Akawajibu waombe kama mtu mmojammoja, katika baraka ya Mungu asikiaye sala, si katika baraka ya mwaka, ambamo jamii yote huombea mvua. Liko kwenye Talmudi, kitabu cha Taanit, jani 14b. Lisome na huyo mwenzako, kisha niambieni kama jibu limewaridhisha. Sisi bado tunabishana.