"Nitakuokota bandarini": kwa nini shangazi alinuna

Kijana mmoja wa Igoma, Mwanza, dereva wa magari ya watalii, kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Kazini kwetu siku nzima ni pick up, pick up ya saa kumi na moja alfajiri, pick up ya uwanja wa ndege. Juzi shangazi alikuwa anakuja na meli kutoka Ukerewe nikamtumia meseji, 'Shangazi nitakuokota bandarini saa tisa'. Akajibu 'kwani mimi nimedondoka?' afu kimya, na alivyoshuka akapanda bajaji akaenda zake. Nimekosea wapi? Na pick up kwa Kiswahili ni nini hasa?"

Marahaba mwanangu. Kwanza mpigie shangazi, sio meseji, mpigie umwambie "nisamehe shangazi, nilitaka kusema nitakufuata", afu urudi hapa tuendelee.

Tatizo ni kwamba hicho kitenzi cha Kiingereza kinaangalia mkono tu, kitu kilikuwa chini sasa kiko juu, basi. Kiswahili kinataka kujua hicho kitu kilifikaje pale. Ukisema kuokota maana yake kilianguka, au kilitupwa, au hakina mwenyewe. Unaokota shilingi mia tano barabarani, unaokota kuni, mtoto wa kuokotwa ni yule aliyeachwa, na mtu akiambiwa "utakuja kuokota makopo" anaambiwa atachanganyikiwa akili. Sasa hilo ndo neno ulilompelekea dada wa baba yako, na yeye kasafiri na mzigo wake, ana kwao na ana watu wake. Alikujibu sawasawa kabisa.

Mtu hatumwokoti, tunamfuata. "Nitakufuata bandarini" maana yake natoka nilipo naja kwa ajili yako wewe, na ukitaja mahali hakuna atakayedhani unamnyemelea nyuma. Kama uko njiani na shughuli zako unampitia, yaani umetoka Sengerema, umevuka daraja la Kigongo, unafika Usagara unampigia mwenzio "nakupitia hapo, kaa tayari". Mgeni aliyetoka mbali unampokea, na mimi kwa shangazi ningechagua hili, kwa sababu kupokea kuna heshima ndani yake na kuna kubebewa begi. "Nitakuja kukuchukua" nayo ni sawa, ila kwa mkubwa wako naiona kavu kidogo. Konda wa daladala yeye anapakia, abiria na magunia wote wanapakiwa.

Ila utamu wenyewe uko kwenye dagaa. Nenda Igombe siku ambayo dagaa wametandazwa juani kwenye nyavu, subiri wingu lipande kutoka ziwani, utasikia mama mmoja anapiga kelele "anueni! anueni jamani!" na watu wote wanakimbia. Hasemi okoteni. Kuanua ni kutoa juani kitu ulichokianika mwenyewe, na hayo maneno mawili ni ndugu, anika na anua, kama ziba na zibua, tega na tegua, mkia wa neno ukibadilika kazi nzima inarudi kinyume. Wanakunja nyavu, wanazoa kwa mikono miwili wanajaza ndoo, na wale dagaa wachache waliomwagika mchangani njiani, hao sasa ndo watoto wanaokota mmoja mmoja. Dagaa ni wale wale, mvua ni ile ile, vitenzi vitatu, na hakuna hata mmoja pale anayesimama kufikiria atumie kipi. Mimi kila nikiona hivyo nafurahi kweli, na inaniuma vijana wetu wakibakiwa na chukua moja kwa kila kitu.

Hiyo hiyo pick up Kiingereza kinaitumia hata kwa simu, biashara na lugha. Sisi simu tunapokea, majirani zetu Kenya wao wanashika. Biashara ikiwa ilidorora sasa wateja wanaongezeka, imechangamka, au kama mnavyosema mtaani imeanza kuchanganya, na gari likikolea mwendo nalo limechanganya. Lugha uliyoipata kwa kusikia sikia, neno hapa neno pale bila kufundishwa, umeiokoteza, na hapo okota inarudi kwa haki kwa sababu maneno kweli uliyakuta yamedondoka ukajikusanyia. Wageni wako wengi Kiswahili chao ni hicho cha kuokoteza, ukiwaambia hivyo sio tusi.

Na lile gari lenye bodi wazi nyuma ni pikapu, hilo lishakuwa la kwetu, andika hivyo hivyo bila wasiwasi.

Kwenye ratiba yenu ya kazini mnaweza kuandika "kumfuata mgeni hotelini, saa 11 alfajiri" na "kumpokea mgeni, uwanja wa ndege". Na shangazi akiwa anarudi Ukerewe mwandikie mapema: "Shangazi shikamoo, kesho nakuja kukusindikiza bandarini, mizigo niachie mimi."