Wasomaji Wauliza: Nowruz ya Machi, Mwaka wa Julai, na ngoma za kukaribisha machipuko

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Göteborg, Uswidi. Pamoja na kina mama wenzangu tuna kikundi kidogo cha ngoma kinachotumbuiza harusini na kwenye sherehe za Uhuru. Majirani zetu kutoka Iran, Afghanistan na Kurdistan wametualika tupige ngoma katika mkusanyiko wao wa kukaribisha majira ya machipuko, mwezi wa Machi. Sijui hasa tunakwenda kwenye nini: ni ibada, ni maonyesho, au ni karamu? Tupige nini, na tusiende mikono mitupu, tubebe nini? (Msomaji, Göteborg)

JIBU: Dada yetu, mnakwenda kwenye Nowruz, mwaka mpya wa jua, ambao huingia dakika ile ile jua linapovuka ikweta likielekea kaskazini na usiku na mchana vikawa vimekaribia kulingana. Kwa kawaida jambo hilo hutokea tarehe 20 au 21 Machi, na kwa kuwa dakika hiyo haichagui saa, iko miaka ambayo familia za Kiirani hukaa usiku wa manane kuizunguka meza yenye vitu saba, miongoni mwake ngano iliyochipua, tufaha, kitunguu saumu na siki, wakisubiri redio itangaze kwa zumari na ngoma kwamba mwaka umeingia. Kwa watu wa nchi zenye baridi kali, ambako mti hukaa miezi bila jani, furaha hiyo haihitaji maelezo, na nadhani nyinyi wa Göteborg mnaielewa kuliko sisi tuliobaki huku.

Umeuliza kama ni maonyesho. Jibu langu ni hapana, na ningependa kikundi chenu kilizingatie hilo kuliko mengine yote, kwa sababu vikundi vyetu vya ughaibuni vimezoea kupewa dakika kumi jukwaani, kupigiwa makofi, kisha kuondoka. Sanaa ya Nowruz kwa sehemu kubwa imefungamana na kazi ambayo watu huifanya pamoja. Mfano ulio wazi kabisa ni upishi wa samanu, ambao Waafghani huuita samanak na Wauzbeki sumalak. Ngano hulowekwa, hutandazwa kwenye sinia na kufunikwa hadi itoe vichipukizi vyeupe, kisha, kabla havijawa kijani, husagwa na kukamuliwa, na maji yake hutiwa kwenye sufuria kubwa pamoja na unga. Yeyote aliyewahi kutengeneza togwa atatambua mara moja kwamba hicho ni kimea, na ndiyo maana uji ule hutoka mtamu bila kutiwa sukari hata chembe. Hukorogwa usiku kucha kwa zamu, na hauwezi kuachwa hata kidogo kwa sababu huungua upesi. Kwa Wauzbeki vijiwe vilivyooshwa hutumbukizwa ndani ili rojo lisishike chini, na asubuhi atakayekuta kijiwe katika bakuli lake hunuia jambo. Wanaokoroga ni kina mama, na wanaimba, kwa sababu usiku ni mrefu na mikono inachoka: mmoja anatoa wimbo, wengine wanaitikia, huku mwingine akipiga doira, ambayo ni ngoma ya duara yenye ngozi upande mmoja, ndugu kabisa wa dufu letu. Waulizeni wenyeji wenu kama watapika. Wakisema ndiyo, nendeni usiku huo na mshike mwiko, kwani mtajifunza mengi zaidi kuliko kwenye hafla yenyewe ya mchana.

Kuhusu cha kupiga, chagueni nyimbo zenye kiitikio kifupi ambacho mgeni anaweza kukishika baada ya kukisikia mara mbili. Chakacha au vugo vitafaa sana. Ngoma za unyago ziacheni nyumbani, hata kama midundo yake ndiyo mnayoimudu zaidi, kwa kuwa hazikutungwa kwa ajili ya hadhara ya wanaume na watoto bustanini, na kutojua kwa wenyeji wenu hakuzihalalishi. Nanyi mtavutwa mcheze ya kwao. Wakurdi hucheza govend, safu ndefu ya wanaume na wanawake walioshikana mikono bega kwa bega, wakienda kwa zumari na ngoma kubwa, na anayeingia huungana na mkia wa safu bila kualikwa.

Kutakuwa na moto pia. Wairani huruka juu ya mioto midogo jioni ya Jumanne ya mwisho ya mwaka, wakiuambia moto uchukue umanjano na udhaifu wao uwape wekundu wake. Wakurdi huwasha moto mkubwa kwa kumbukumbu ya Kawa, mhunzi wa katika hadithi aliyemuua mfalme dhalimu na kuwasha moto mlimani ili watu wajue wamekombolewa. Nchini Uturuki sikukuu hiyo ya Wakurdi ilizuiwa kwa miaka mingi, kwa hiyo msishangae mkiona bendera na kusikia hotuba katikati ya ngoma, wala msijitie katika mabishano yasiyo yenu.

Jambo moja linaweza kuwaudhi, na ni afadhali mlijue mapema. Katika baadhi ya shughuli za Kiirani hutokea mchekeshaji aitwaye Haji Firuz, mwenye nguo nyekundu na dufu mkononi, ambaye uso wake hupakwa masizi. Wapo wanaosema masizi yale ni ya moto wa kale, na wapo wanaosema ni kumbukumbu ya watumwa weusi, ambao baadhi yao walitoka katika pwani hii yetu na ambao wajukuu zao wanaishi hadi leo kusini mwa Iran, kwenye Bandar Abbas na viunga vyake. Wairani wenyewe wanabishana juu yake, na baadhi yao siku hizi humtoa bila kumpaka chochote. Kwa maoni yangu, mna haki ya kuwauliza wenyeji wenu kabla ya siku yenyewe kama atakuwapo na atakuwa katika sura gani, na mkiuliza kwa adabu hakuna atakayeudhika.

Mikononi bebeni visheti au kaimati, ambavyo vitapokewa kama vya nyumbani, pamoja na maua. Chai yao ni ya rangi.

SWALI: Assalaam alaykum. Rafiki yangu amenialika Nowruz. Mimi ni Muislamu wa Kisunni, na nimesikia kwamba hiyo ni sikukuu ya waabudu moto. Je, nina ruhusa ya kwenda? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waalaykum salaam. Fatwa si kazi ya safu hii, na maulamaa wamehitilafiana juu ya jambo hili kwa karne nyingi, hivyo la dini mpelekee sheikh unayemwamini. Ya kwetu ni haya. Asili ya sikukuu hiyo ni ya kabla ya Uislamu, katika Iran ya Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Waajemi, na hilo halifichiki. Hata hivyo leo wanaoiadhimisha ni Mashia wa Iran, Wakurdi na Wauzbeki ambao wengi wao ni Wasunni, na Wabahai ambao kwao ni siku tukufu. Na hapo hapo Mombasa, Waismailia huadhimisha Navroz yao kila tarehe 21 Machi. Umoja wa Mataifa uliitambua tarehe hiyo mwaka 2010 kuwa Siku ya Kimataifa ya Nowruz. Watawala wa Kisovieti waliifuta huko Kazakhstan mwaka 1926 kwa kuiona ya kidini na ya kizamani, ikarejeshwa mwaka 1988. Taliban nao waliikataza kwa kuiona kinyume cha dini. Kwa hiyo imekataliwa kwa sababu mbili zinazopingana, jambo linaloonyesha kwamba kila mtawala huiona sikukuu hii kwa macho yake mwenyewe. Katika mkusanyiko wa kawaida mgeni hukuta chakula, mashairi na ngoma, wala hatakiwi kusali sala yoyote. Muulize rafiki yako kama kutakuwa na pombe, maana katika baadhi ya shughuli huwapo.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Wazee wetu wa Makunduchi wanatuambia kwamba Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, umetoka kwa Waajemi na ndiyo Nairuzi yenyewe. Iweje wao wafanye Machi, majira ya machipuko, na sisi tufanye Julai, wakati wa kipupwe? Je, sisi ndio tuliokosea hesabu, na kuna siku mbili hizi zitakutana? (Msomaji, Jang'ombe, Unguja)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyekosea. Mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo ya siku, lakini mwaka wa kale wa Waajemi ulihesabiwa siku 365 kamili, bila kuongezwa siku kila baada ya miaka minne. Robo hizo zikijikusanya, mwaka mpya hurudi nyuma siku moja kila miaka minne, yaani takriban siku 24 kwa karne. Huko Uajemi kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka 1079, chini ya Sultani Malik Shah wa Waseljuki, ukoo wa Kituruki uliotawala Uajemi wakati huo, na jopo la wanajimu ambalo Omar Khayyam alikuwa mmoja wao, na tangu hapo Nowruz ikafungwa kwenye machipuko. Wazoroasta waliohamia India, yaani Waparsi, ambao Mji Mkongwe wa Zanzibar nao ulikuwa na jamii yao, walibaki na siku 365, na ndiyo maana baadhi yao hufanya mwaka mpya katikati ya Julai na wengine katikati ya Agosti.

Pwani yetu nayo ilibaki na hesabu ya zamani. Mabaharia na wakulima walianza kuhesabu kutoka Siku ya Mwaka, wakagawa siku katika miongo 36 ya siku kumi kumi na kubakiza tano za mwisho, na kwa hesabu hiyo walijua lini pepo zinageuka na lini mbegu ziingie ardhini. Sasa chukua tarehe 20 Machi na urudi nyuma hadi Julai: ni siku 240 hivi, ambazo kwa mwendo wa siku moja kila miaka minne ni karibu miaka 1,000. Hiyo inatufikisha mwanzoni mwa karne ya 11, kabla ya matengenezo ya Malik Shah, na si mbali na maandishi ya Kikufi, yaani hati ya kale ya Kiarabu, yaliyomo katika msikiti wa Kizimkazi, jirani kabisa na Makunduchi, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Hesabu peke yake haithibitishi nani alikuja lini, lakini inakubaliana vizuri sana na maneno ya wazee wako.

Hata shughuli zenyewe zinashabihiana. Kibanda cha makuti kinachochomwa Makunduchi, wanaume wa pande mbili wanaopigana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishie hapo, kina mama waliovaa vizuri wakizunguka uwanja kwa nyimbo za mafumbo na kejeli, na mgeni ambaye kila nyumba hutamani kuwa naye mezani, vyote vina mwenzake katika Nowruz isipokuwa hiyo migomba, ambayo ni ya kwetu wenyewe.

Ama kukutana, kama wazee wa Makunduchi wataiacha hesabu ya siku 365 iendelee bila kuigusa, Mwaka utarudi nyuma kutoka Julai hadi Machi, siku 120 na ushei, na safari hiyo itachukua takriban miaka 500.