Karibuni Leicester, ila tuambizane ukweli kwanza

Mdogo wangu,

Umeniuliza swali ambalo najua si lako peke yako. Umesema mama mdogo analalamika pale Ngamiani kwamba sisi wa Uingereza tumebadilika. Tukija Tanga tunachinjiwa kuku na kuachiwa vitanda, lakini yeye akitaka kuja kwetu, neno la kwanza ninalomuuliza ni "utakaa mpaka lini?" Halafu ukaongeza la kwako: kweli tunaishi vizuri, au tunajikaza tu? Nakujibu yote mawili, na nakuomba umsomee mama mdogo kila neno, usimpunguzie.

Tunaishi vizuri. Naanza na hilo kwa sababu wengi wetu huku tukiulizwa hali huwa tunalia, kwa kuogopa kuombwa fedha. Shemeji yako ana kazi ya uhandisi kiwandani, mimi nafanya zamu katika nyumba ya kulelea wazee, watoto wanasoma shule ya serikali bila ada. Mtoto akipandisha homa usiku, nampeleka hospitali bila kwanza kutafuta mtu wa kukopa. Matibabu hayo si ya bure kama mnavyodhani, maana mwenye viza kama yetu hulipia kabla: leo ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, na miaka yote ya viza hulipwa kwa mkupuo mmoja. Familia ya wazazi wawili na watoto wawili, kwa viza ya miaka mitatu, ni zaidi ya pauni 10,800 kabla hawajapanda ndege, na hapo ada ya viza yenyewe haijaguswa. Sisi tulilipa kwa mkopo, na mkopo ule ndio uliokuwa ukinifanya ninyamaze mlipokuwa mkiandika michango ya harusi kwenye kikundi cha familia. Sasa umekwisha.

Fedha basi zinatosha kwa kubana. Kitu tusichokuwa nacho ni muda, na hapo ndipo penye jibu la mama mdogo.

Sheria ya hapa inampa anayefanya kazi siku tano kwa wiki likizo isiyopungua siku 28 kwa mwaka, na mwajiri anaruhusiwa kuhesabu humo humo sikukuu za taifa. Shule nazo zinafungwa jumla ya wiki kama 13 kwa mwaka. Chukua likizo yangu, jumlisha na ya shemeji yako, tupokezane bila kupumzika pamoja hata siku moja, bado hatuzifikii wiki hizo. Hatuna dada wa kazi. Hakuna shangazi nyumba ya pili wa kumtupia mtoto mpaka jioni. Malezi ya kulipia kwa siku nzima, kwa watoto wawili, yanameza karibu chote ninachopata katika zamu moja. Kwa hiyo tunaishi kwa kalenda iliyobandikwa kwenye mlango wa friji: nani anapeleka shule, nani anachukua, nani analala mchana kwa sababu ametoka zamu ya usiku. Mtoto wa shule ya msingi anaachiliwa kama saa tisa na robo alasiri, na hapo mzazi lazima awe amesimama getini.

Mgeni akija anaingia katika kalenda hiyo. Nikimuuliza mama mdogo atakaa mpaka lini, simhesabii siku ili aondoke. Ratiba ya zamu zetu hutoka wiki kadhaa kabla, na nikijua tarehe zake mapema naweza kubadilishana na wenzangu nikapata siku za kukaa naye, nimpeleke anakotaka. Nisipojua, atanikuta nimepangiwa kazi mfululizo, akae peke yake sebuleni, kisha arudi Tanga aseme alikwenda kwa mwanawe akawa haonekani. Na atakuwa amesema kweli.

Hata sisi kutokuja kwenye shughuli zenu kunatokana na kalenda hiyo hiyo. Ukimtoa mtoto shule katikati ya muhula bila ruhusa, kila mzazi anaweza kutozwa faini ya pauni 80 kwa kila mtoto, na ikipita siku 21 hujalipa inakuwa 160. Mwalimu mkuu hutoa ruhusa kwa sababu za pekee tu. Basi tunabaki na Agosti na Desemba, na miezi hiyo ndiyo nauli za ndege zinapopanda kuliko wakati wote. Mkipanga harusi Machi, mjue mmetupangia tusije.

Sasa nikwambie mama alivyokaa hapa, maana yeye hakuwasimulia yote. Alifika mwishoni mwa Novemba. Wakati huo jua linazama kama saa kumi alasiri, na kufikia katikati ya Desemba linazama hata kabla ya saa kumi. Asubuhi linachomoza saa mbili imeshapita. Tulikuwa tukitoka giza na kurudi giza, naye katikati yuko na dirisha. Mtaa umenyooka, magari yamepangwa, hakuna anayepita akapiga hodi. Jirani yetu Mpolandi ni mtu mwema, alimletea keki wakati wa Krismasi, lakini hata yeye aliniandikia ujumbe kwanza kuuliza kama anaweza kugonga mlango. Mama aliniambia usiku mmoja, "Mwanangu, hapa hata mtu wa kugombana naye hakuna." Neno hilo liliniuma kuliko baridi yenyewe.

Kilichomwokoa ni barabara moja ya hapa Leicester, Belgrave Road. Mnajua kwamba Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Kati ya waliokuja Uingereza, wengi walikuwa na ndugu Leicester. Baraza la mji likatia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije, kwamba nyumba na shule zimejaa. Walikuja hivyo hivyo, na leo Belgrave ni barabara ya maduka ya dhahabu, vitambaa na vyakula ambayo mji wenyewe unajivunia. Nilimpeleka mama huko Jumamosi moja kununua bamia. Akaona mhogo, akaona ndizi za kupika, akaanza kusema peke yake kwa Kiswahili kwamba mhogo huu umelala sana. Mzee wa Kigujarati aliyesimama karibu naye akamjibu, kwa Kiswahili cha dukani, kwamba mzuri huingia siku ya Alhamisi. Alizaliwa Kampala. Mama alimwamkia kana kwamba amekutana na mtu wa Pangani. Tangu siku ile akajifunza basi lake, akawa anakwenda Alhamisi mwenyewe, na nyumba ikaanza kunuka mchuzi wa nazi nikirudi kazini. Najua jinsi watu hawa walivyoumia kufukuzwa, na bado nashukuru kwamba walifika hapa kabla yetu.

Kwa hiyo mtu mzima asije kwangu majira ya baridi. Mama mdogo aje Mei au Juni. Kufikia Juni jua linakaa mpaka karibu saa tatu na nusu usiku, watoto wanacheza bustanini, watu wanakaa nje na wanasalimiana. Ataona mji mwingine kabisa.

Na nyumba ina mambo yake, ambayo nayasema mapema ili asije akadhani namfundisha adabu mbele ya mkwe. Sakafu ya bafu haina tundu la maji, kwa hiyo kuoga kwa ndoo na kopo nje ya beseni kubwa la kuogea kunaloweka dari ya sebule iliyo chini. Kuna king'ora cha moshi, na udi hukiamsha sawasawa na samaki wa kukaanga. Udi afukize, lakini dirisha liwe wazi. Kuta kati yetu na jirani ni nyembamba, na kinu usiku hapana. Hita haiwaki mchana kutwa, tunaiwasha asubuhi na jioni kwa sababu gesi na umeme ndivyo vinavyotutoa jasho baada ya kodi ya nyumba. Akiwa na baridi aniambie, nitawasha. Asivumilie kimyakimya na koti ndani ya nyumba kama mama.

Chakula hakinipi shida hata kidogo, mwambie. Atakula, na atanikuta nimefurahi kumlisha. Linalonipa hofu ni ugonjwa. Mgeni wa viza ya matembezi hana haki ya matibabu ya hospitali bila malipo. Idara ya dharura yenyewe haitozi, lakini akilazwa bili inaanza, na hospitali za serikali huku humtoza mgeni mara moja na nusu ya gharama ya kawaida. Deni likifika pauni 500 na lisipolipwa, linaweza kumkosesha viza siku nyingine. Mama mdogo ana presha na sukari. Lazima akate bima ya safari kabla ya kuondoka, na kwenye fomu ya bima aseme kweli kuhusu magonjwa yake, maana akificha bima haitalipa. Dawa abebe za kutosha siku zote za safari na ziada kidogo, pamoja na karatasi ya daktari, na aziweke kwenye mkoba wa mkononi.

Kuhusu kaka yenu anayesema aje "kutembea" kisha atafute kazi, mwambie hapana, na asinune. Viza ya matembezi ni ya miezi sita na hairuhusu kuajiriwa huku. Mwajiri akikamatwa na mtu asiye na kibali anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 45,000 kwa mtu huyo mmoja, hata kama ni kosa lake la kwanza. Wanaokubali kumchukua mtu hivyo ni wale watakaomlipa nusu na kumtisha akidai. Nyumba hii tumepanga, na mimi nimeahidi kwa maandishi kwamba mgeni wangu atarudi. Akibaki, mama mdogo na wengine wote tutakaowaalika baadaye wataulizwa kuhusu yeye. Na kazi ya kulea wazee kama yangu, mlango wa kuajiri watu kutoka nje ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Mtu anayemuuzia nafasi hiyo leo hapo mjini anamwibia. Akitaka kuja kwa njia ya masomo au ya ufundi wake, nitakaa naye kwenye simu usiku kucha tukitafuta. Hilo namuahidi.

Zawadi nazo tuzungumze. Orodha ya viatu na simu anayopewa mgeni wakati wa kuondoka Tanga mimi ndiye ninayeilipa, kwa sababu mgeni hana fedha za huku. Nileteeni orodha hiyo mapema, nitasema naweza nini. Na mizigo ya kuja: samaki wakavu na dagaa wanaruhusiwa, hadi kilo 20. Nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi, na samli ni maziwa. Ile samli ya mama ilibaki uwanja wa ndege na mama akalia. Msimfungashie mama mdogo.

Limebaki la viza. Mara ya kwanza mama mdogo alinyimwa, na najua kuna wanaosema sikumpigania. Barua yangu ya mwaliko ilikuwepo, mshahara wetu ulionekana, vyumba vilionekana. Lakini ofisi ya viza haipimi kama nampenda mama yangu mdogo, inapima kama ana sababu ya kurudi Tanga. Mwanawe alimwingizia fedha nyingi benki siku chache kabla ya maombi ili akaunti ipendeze, na barua ya kukataa ilizitaja fedha hizo hizo, kwamba asili yake haikuelezwa. Ada, ambayo ni zaidi ya pauni 120, hairudishwi.

Safari hii tufanye hivi. Maombi hayapokelewi mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, kwa hiyo kwa safari ya katikati ya Mei nitajaza fomu mwishoni mwa Februari. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu baada ya kwenda Dar kutoa alama za vidole. Kuanzia sasa pensheni yake iingie benki na ikae, asiitoe yote siku hiyo hiyo. Mtu asimwingizie chochote. Achukue hati ya nyumba, barua ya pensheni, na barua ya serikali ya mtaa inayosema anaishi hapo na analea wajukuu. Kilichoandikwa kwa Kiswahili kitafsiriwe kwa Kiingereza, na mtafsiri aweke jina lake, sahihi, tarehe na namna ya kumpata. Wewe nipigie picha za kila karatasi, mbele na nyuma, kwenye mwanga wa mchana. Gharama ya fomu ni yangu, nauli tutagawana mimi na mwanawe kama tulivyokubaliana.

Na tarehe ya kurudi aichague yeye mwenyewe, aniambie kabla sijaanza kujaza, nipate kuomba zamu zangu.