Diski imekufa, bekapu ipo: mbona mafaili ni machache?

SWALI: Diski ya kompyuta yangu ya Windows imekufa. Fundi ameniwekea SSD mpya na kusimika Windows upya, na jina la akaunti yangu limebadilika. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimewasha File History, ile huduma ya Windows ya kuhifadhi nakala za mafaili (bekapu), ikihifadhi kwenye diski ya nje. Sasa nikiifungua diski hiyo nakuta faili moja limejirudia mara nyingi, kila moja lina tarehe kwenye jina lake, na folda nyingine zinadai sina ruhusa. Nilichagua mafaili yenye tarehe ya mwisho nikayanakili, lakini ni machache mno. Je, mengine ndiyo yamepotea?

JIBU: Pole sana. Kwa maelezo yako, kuna kila dalili kwamba yapo. Ila kabla ya yote, acha kubofyabofya ndani ya hiyo diski ya nje. Tangu diski kuu ife, hiyo ndiyo mahali pekee mafaili yako yalipo, na ikianguka kutoka mezani leo hutakuwa na pa kukimbilia. Windows ikikuuliza kama unataka kuifomati, kataa. Usikate faili na kulibandika kwingine, na usibadilishe jina la folda yoyote iliyomo.

Tafuta diski ya pili yenye nafasi ya kutosha, uhamishie humo nakala ya folda nzima ya FileHistory. Ukiifomati diski hiyo ya pili, usichague mfumo wa mafaili wa FAT32, maana haupokei faili linalofika GB 4, tumia ule wa NTFS. Tuseme bekapu ni E na diski ya pili ni F: fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, kisha andika:

robocopy E:\FileHistory F:\FileHistory /E /B /R:1 /W:1 /LOG:F:\ripoti.txt

Mbona amri, wakati kunakili kwa kipanya kupo? Kwanza, File History huyarefusha majina ya mafaili, na dirisha la kawaida la Windows hukwama njia ya faili inapozidi herufi 260 hivi. Robocopy haina tatizo hilo. Pili, ile /B inasoma faili hata kama akaunti yako haina ruhusa nalo. Windows humtambua mwenye faili kwa namba ya utambulisho ya akaunti (SID), wala haiangalii jina. Hata ungeirudishia akaunti mpya jina lile la zamani, bado ungeonekana mgeni. Nakala zitakazotua F zitafuata ruhusa za huko F, na ugomvi wa ruhusa utakuwa umeisha. Usiache /R:1 na /W:1: bila hizo, robocopy ikikutana na faili bovu itajaribu tena mara milioni moja, ikingoja sekunde 30 kila mara.

Ikimaliza, fungua ripoti.txt, shuka hadi chini. Safu ya FAILED ikisoma 0, pumua. Ikiwa na namba nyingine, majina ya yaliyoshindikana yamo humohumo juu yake.

Sasa kuhusu hizo tarehe. File History hainakili kila kitu kila siku. Huchukua faili mara ya kwanza inapolikuta, halafu hulirudia pale tu unapolibadilisha. Bajeti unayoifungua kila wiki itakuwa na matoleo chungu nzima, mathalani Bajeti (2021_03_09 08_15_22 UTC).xlsx na mengine ya baadaye. Cheti ulichokiskani 2019 ukakiacha kina toleo moja tu, la 2019, na hilo ndilo jipya kabisa la cheti hicho. Ulipochagua tarehe ya mwisho, ulipata mafaili uliyoyagusa siku ile tu. (Saa zilizoandikwa ni za UTC, yaani saa za kimataifa, kwa hiyo zisikushangaze zikipishana na za kwako.)

Njia nyepesi ni kuiachia File History yenyewe kazi ya kuchambua. Tafuta File History kwenye Control Panel, chagua ile diski ya nje, na ukiona kisanduku cha kutumia bekapu ya zamani iliyomo, kitie alama na uchague jina la kompyuta yako ya awali. Ikianza kuhifadhi mambo mapya humo, izime kwanza. Kisha fungua sehemu ya kurejesha mafaili na uende kwenye hali ya mwisho iliyohifadhiwa kabla diski haijafa: hapo vitaonekana vyote, bajeti ya juzi na cheti cha 2019, vikiwa na majina yake ya kawaida. Usibonyeze kile kitufe cha kijani cha kurejesha moja kwa moja. Kibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uelekeze kwenye folda mpya tupu, kwa sababu njia za zamani zina jina la akaunti ambayo haipo tena.

Ikigoma kuiona bekapu, fanya kwa mkono kwenye nakala ya F. Ingia kwenye Data, kisha C, kisha Users, upange mafaili kwa jina. Kwa kuwa mwaka umetangulia kwenye tarehe, matoleo ya faili moja hujipanga kwa mfuatano na la mwisho ndilo jipya. Inachosha, lakini inafanya kazi. Utakutana pia na ushauri wa kuendesha FhManagew -cleanup 0 ili matoleo ya zamani yafutike. Amri hiyo hufuta ndani ya bekapu yenyewe, na faili likiwa limeharibika kabla ya toleo la mwisho, utakuwa umetupa lile zima. Mimi siwezi kuiendesha kwenye nakala ya pekee.

Fungua mafaili kadhaa uone kama yanasomeka, hasa makubwa, kama video na lahajedwali. Programu hazimo, utazisimika upya. Mafaili ya OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) ambayo hayakuwa yameshushwa kwenye kompyuta pia hayamo, yatafute kwa kuingia kwenye akaunti yako.

Ile diski iliyokufa usiitupe bado, na kama inagonga-gonga usiiwashe tena kujaribu bahati. Chochote ulichoandika baada ya bekapu ya mwisho kimo humo tu, na kila inapozunguka ikiwa katika hali hiyo, humpunguzia mtaalamu wa kuokoa data uwezekano wa kukipata.