Injini yangu haikuibwa, ilipotea

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Polisi wakitangaza kuwa uhalifu umepungua, je, mtaani kwako umepungua?" Mmetuomba tujibu kwa ufupi. Nimejaribu, nimeshindwa. Nililisoma nikiwa nachambua dagaa, nikajikuta nimekaa tu, kiganja kimejaa dagaa na kunguru wananizunguka.

Jibu langu la kwanza lilikuwa fupi kweli: haujapungua, na hizo takwimu ni kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kila mara tunasomewa mafungu yaleyale: makosa dhidi ya binadamu, makosa ya kuwania mali, makosa dhidi ya maadili ya jamii, halafu ajali za barabarani. Mkoa huu umepanda, mkoa ule umeshuka. Sisi wa Kigoma, mwisho wa reli, tunatajwa kwa pumzi moja, msomaji anageuza ukurasa. Lakini kabla sijawajibu kama namba imeshuka, nataka tuulizane namba yenyewe inaingiaje kwenye daftari. Hilo hamkuuliza. Ndilo ninalolijua, kwa sababu niliwahi kusimama mbele ya hilo daftari.

Ilikuwa mwaka 2014, siku za mbalamwezi. Mtu wa Kibirizi, hapa kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, sina haja ya kumweleza: mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, wavuvi wanalala kwa wake zao, mitumbwi inavutwa mchangani na injini zinavuliwa zinawekwa bandani. Nilikuwa na mtumbwi mmoja na injini moja, Yamaha ya farasi 15, niliyoinunua kwa Mkongo mmoja wa Kalemie kwa pesa ambayo marehemu mume wangu hakuwahi kujua imetoka wapi. (Ilitoka kwenye mchezo wa kupeana pesa. Tulikuwa wanawake 12 na zamu yangu iliangukia mwezi mzuri.) Mlinzi alikuwepo. Alikuwa pia na blanketi jipya. Kulipokucha kufuli la banda lilikuwa limefungwa vizuri kabisa, ila mbao mbili za nyuma hazipo, na mchangani kuna alama ya kitu kizito kilichoburutwa mpaka majini.

Nikaenda kituoni. Sikitaji ni kipi, na aliyekuwa kaunta sasa huenda ni mtu mkubwa kazini. Alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniamkia, akanipa benchi. "Mama, injini ina risiti?" Nikamwambia, afande, Mkongo anayeuza injini ziwani anatoa risiti? Akacheka, nami nikacheka. Akauliza namba ya injini, nikasema fundi ndiye anayeijua. Kalamu yake ikagoma kuandika, nikatumwa dukani. Nilinunua mbili, nikijua kuwa hakuna itakayorudi. Akaandika taratibu kwa mwandiko mzuri, akachana kipande cha karatasi, akanipa na namba ya RB juu yake, yaani namba ya taarifa yangu kwenye daftari la polisi.

Nilifika mpaka chini ya mwembe ndipo nikakisoma. Kimeandikwa: kupotelewa na mali.

Nikarudi. Nikamwambia afande, mimi sikupotelewa. Kitambulisho kinapotea, kuku anapotea, hata mume anaweza kupotea. Injini inayobebwa na wanaume wawili haipotei, inaibwa. Hakukasirika. Alinieleza kwa sauti ya chini kama mtoto anayemficha mama yake aibu. Nikiandika wizi, alisema, nafungua jalada. Jalada linataka mpelelezi, mpelelezi anataka boti, boti inataka mafuta, na wewe huna hata risiti ya kuonyesha injini ilikuwa yako. Lakini ukiwa na karatasi hii, siku ikionekana utaidai. Halafu akaongeza, akitazama mlango wa ndani, kwamba mkuu hapendi majalada yasiyo na mtuhumiwa.

Sasa mnajua kwa nini swali lenu limenichoma. Wizi ule haukuwahi kuingia kwenye "makosa ya kuwania mali". Uliingia kule zinakolala kadi za kliniki na leseni zilizodondoka sokoni.

Ningeishia hapo mngenihurumia, na jibu langu lingekuwa safi. Ila nimeanza kuandika, basi niandike yote.

Siku ya sita simu iliita, namba ngeni. Mtu hakujitambulisha. Alisema mzigo wangu uko kaskazini, kijiji kimoja cha njia ya Kagunga, na kwamba hali ya maisha ni ngumu kwa kila mtu. Laki 4. Nilijadiliana naye bei kama ninavyojadiliana na wanunuzi wangu wa dagaa, akashuka mpaka laki 3 na nusu, tukaagana vizuri. Mpwa wangu alipanda boti ya abiria, akarudi kesho yake na injini imefungwa kwenye magunia mawili. Propela haikuwepo. Nilinunua nyingine nikanyamaza. Polisi sikurudi kuwaambia kitu, kwa sababu ningewaambia nini? Kwamba kilichopotea nimekikomboa?

Wiki tatu baadaye vijana wa ulinzi shirikishi wakamnasa kijana wa jirani, wa miaka kama 19, ana propela kwenye mfuko wa rambo. Anadai ameinunua kwa wauza vyuma chakavu kwa elfu 15. Walimpiga. Nilikuwepo. Nilichosema ni "msimuue", nikarudi ndani nikijiona nina huruma kuliko wengine. Akapelekwa kituoni, na safari hii jalada lilifunguliwa, kwa sababu mtuhumiwa yupo na kidhibiti kipo mezani. Kosa: kupatikana na mali idhaniwayo kuwa ya wizi. Hakuna aliyeuliza wizi upi. Kwenye daftari lilelile, kurasa chache nyuma, wizi haukuwepo.

Dhamana ilikuwa wazi. Walitakiwa wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa. Hapa asiye wa Kigoma hataelewa haraka. Mama yake kijana ametokea upande wa Manyovu, anaongea Kiha ambacho ukipenda unaweza kukiita Kirundi, na Operesheni Kimbunga ya 2013, ya kuwasaka wahamiaji haramu, ilikuwa imepita mwaka mmoja tu nyuma. Tulikuwa tumeona watu waliozaliwa hapahapa wakitakiwa kuonyesha kaburi la babu. Nani angetia saini kumdhamini mtu ambaye kesho anaweza kuitwa mhamiaji haramu? Mwenyekiti alikuwa na safari. Jirani mwenye nyumba alikuwa na presha.

Mama yake alikuja kwangu jioni, kanga ya kichwani ameishika mkononi. "Dada, injini yako si imerudi? Nenda ukawaambie. Mwanangu ana propela tu, na hata hiyo si yeye." Nikamjibu nitakwenda. Nilimkaanga mgebuka, tukala. Sikwenda. Nilihesabu: nikisema injini imerudi, nitaulizwa imerudije, nitaulizwa niliongea na nani, na wale wa kaskazini wanajua mtumbwi wangu ulipo.

Kijana alikaa rumande miezi 11. Kila baada ya wiki mbili kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika, anarudishwa kwenye karandinga. Mama yake alikuwa akipita mbele ya kibanda changu na hotipoti ya chakula. Alinisalimia kila mara. Hilo ndilo sikuweza kulizoea. Mwisho kesi ilifutwa kwa kukosa ushahidi, akatoka mwembamba, na ngozi ya vidoleni imeharibika.

Basi nisaidieni kujumlisha. Mwaka ule, kwa vitabu, wizi wa injini yangu haukutokea, na mwizi wake alikamatwa. Ukiwa mtu wa takwimu hiyo ni habari njema mara mbili: kosa limepungua moja, ukamataji umeongezeka mmoja. Upande wa magereza nako kijana alihesabiwa. Magereza ya nchi hii yalipangiwa watu 29,902, na kwa miaka mingi waliomo wamekuwa wakizidi hapo, karibu nusu yao wakiwa ni mahabusu tu. Nakumbuka tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli alipotangaza msamaha kwa wafungwa 8,157, watu wengi walishangilia, nami nikawaza jambo dogo ambalo halikunitoka: mahabusu hasamehewi. Hajahukumiwa, kwa hiyo hana cha kusamehewa. Yule kijana angekuwa ameiba kweli na kufungwa, pengine angekuwa na tumaini kila Sikukuu ya Uhuru.

Na msidhani ni injini tu. Kila mwanamke wa Kigoma Ujiji anajua neno "teleza". Wanaume waliojipaka mafuta wasishikike, wakaingia usiku kwenye nyumba za wanawake wanaolala peke yao. Tulikuwa tukisimuliana kisimani na sokoni miaka kadhaa kabla nchi nzima haijasikia mwaka 2019. Lilikuwa kwenye daftari gani wakati huo wote? Sitaki kuliongeza zaidi, wapo wenye haki ya kulisimulia kuliko mimi.

Hapa ndipo nilipanga kumalizia kwa kusema takwimu zote ni uongo. Lakini mpwa wangu, yuleyule, nimemsomea nilipofika hapa, akaniuliza: "Mama mdogo, daftari lilidanganya, au na wewe?" Sikumjibu. Yeye sasa ni kondakta wa basi la Kibondo, akaendelea kunikumbusha kwamba zamani njia ya Kasulu kwenda Kibondo basi halikuondoka bila askari mwenye bunduki, abiria mnasali tangu stendi, na pesa mnazificha kwenye viatu vya watoto. Sasa abiria wake wanagombania chaji ya simu. Mimi ni shahidi. Nilikuwa naipita njia hiyo na dagaa, na safari mbili nilitoa hereni masikioni kabla hatujapanda. Hilo limepungua. Nikikataa nitakuwa naongea kwa hasira za 2014.

Na kuna mengine yaliyobadilika, angalau kwenye karatasi. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa, mtu asifikishwe mahakamani mpaka upelelezi ukamilike, isipokuwa kwa makosa mazito. Kijana wetu angekuwa nyumbani, nadhani, ila wajuzi wananiambia sasa hofu ni mtu kukaa muda mrefu kituoni badala ya rumande, ingawa saa 24 za kisheria zipo pale pale. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande ilimkabidhi Rais Samia ripoti, na moja ya mapendekezo ni Jeshi la Polisi liwe Huduma ya Polisi. Jina halikunifurahisha wala kunikera. Kilichonifurahisha ni mkaguzi wa polisi wa kata: siku hizi namba yake ya simu imebandikwa ofisi ya mtaa, na wanawake wa kibandani wanampigia. Wiki iliyopita jirani yangu aliibiwa taa za sola mbili, akapiga, na walichoandika ni wizi. Nilimwomba nione karatasi. Nimeisoma mara mbili.

Sasa fikirini. Kama kila mwanamke wa Kibirizi ataandikiwa wizi badala ya kupotelewa, mwakani mkoa wa Kigoma, wenye watu 2,470,967 kwa sensa ya 2022, utapanda kwenye hizo orodha. Mtatuandika kuwa tumeharibika. Mimi nitafurahi, kwa masharti: kwamba ni madaftari yaliyofunguka, si wezi waliozidi. Namna ya kutofautisha hayo mawili sijaiona kwenye ripoti yoyote inayosomwa redioni, na hapo nabaki na kinyongo changu.

Kwa hiyo jibu. Mtaani kwetu, wizi wa injini ninaousikia umepungua. Lakini niliuza mtumbwi mwaka juzi, na asiye na injini haambiwi habari za injini. Ziwa nalo lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti 2024, miezi ile hata mwizi mwenyewe angemuuzia nani? Andikeni umepungua kidogo. Kama nafasi haitoshi kwa maelezo yote haya, andikeni "umepungua" peke yake, nitavumilia.

Yule kijana ana bodaboda, anapaki pale njia panda ya Gungu. Juzi mvua ilinikuta na ndoo mbili za dagaa, akasimama. "Shikamoo mama." Nikasema marahaba. Akanifikisha mpaka mlangoni, nikampa elfu 2, akasema nauli ni elfu moja, akanirudishia chenji.

Msomaji, Kibirizi, Kigoma